Sahihi ya Mwenye Ploti

Garissa,
9 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Mustafe,

Assalamu alaykum warahmatullah. Ni matumaini yangu kuwa mko wazima huko Kutulo, wewe, wifi yangu Muslimo na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Joto la Januari limeanza na ukuta wa mabati haushikiki. Binti yangu Filsan na watoto wake wawili bado wako nami pamoja na mumewe, nyumba haina nafasi hata ya kunyoosha miguu. Mbuzi wote nimeuza, goti langu halitaki tena kufukuzana nao.

Utashangaa kupata barua. Nimeona karatasi ni bora kuliko simu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika. Kisomali chetu kilibaki cha mdomo, na tangu msiba wa mama midomo yetu haijakutana.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi ya maji imelaza bomba kubwa mtaani kwetu na kila ploti inatakiwa kupeleka maombi yake. Nilikwenda. Dada wa dirishani aliniandikia kwenye kipande cha karatasi vitu vinavyotakiwa: nakala ya kitambulisho, namba ya ushuru, barua ya kumilikishwa ploti, na idhini ya mwenye ploti, iliyotiwa sahihi kwa mkono wake mwenyewe mbele ya chifu. Picha ya simu haikubaliwi.

Mwenye ploti ni wewe. Aabo aliandika jina la mwanawe wa kiume na mimi sikubishana naye. Kwenye fomu yao mimi nimeandikwa "mkaaji". Nimekuwa mkaaji hapa miaka sitini na mmoja, ukiondoa ile niliyokaa kwa marehemu mume wangu.

Fomu yenyewe unaijua. Uliwahi kuishika. Sitaongeza neno.

Nampa bahasha dereva wa basi la Mandera. Ataiacha Elwak.

Dada yako,
Istahil


Kutulo,
21 Februari 2025

Abaayo Istahil,

Wa alaykum salaam. Salamu zako zimefika na Muslimo anakusalimu sana. Bahasha ilikaa dukani Elwak zaidi ya wiki tatu kwa sababu hakuna aliyekuwa anakuja upande wetu. Usidhani nilichelewa kwa makusudi.

Sisi ni wazima. Mvua haijanyesha. Bado ninaendesha mtambo wa kisima. Ngamia wanakuja kwa zamu na kila ukoo unasema zamu ni yake. Jenereta likizimika hata dakika kumi watu wananitazama kama nimeficha maji mfukoni. Mnara wa simu haufanyi kazi tangu Oktoba. Mtandao tunaufuata Elwak, na mimi naenda huko mara chache.

Iddi iliyopita nilikuwa Elwak nikakupigia. Mara mbili hukushika. Mara ya tatu ulishika, nikakusalimu, nikakutajia jina langu, ukakata. Sikupiga tena. Mtu akitaka kuachwa, anaachwa.

Kuhusu maji, nakushauri mambo machache kwa sababu ndiyo kazi yangu. Fundi awe na leseni ya ofisi, si wa kuokotwa barabarani. Achimbe futi mbili kamili, akichimba kidogo magari yatapasua baibu. Baibu iwe nyeusi, ile nzito. Weka koki ya kufungia baada ya mita, upande wako, ili siku ya kutengeneza kitu usimsubiri mtu.

Fomu nitaiangalia. Chifu hayupo.

Mdogo wako,
Mustafe


Garissa,
3 Machi 2025

Mustafe,

Assalamu alaykum, na Ramadhani njema kwenu nyote. Hapa tumeanza jana. Filsan anapika sambusa nyingi kuliko watu.

Paipu, si baibu. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili na ndugu yangu ananiandikia baibu.

Mkaguzi wa ofisi alikuja. Anaitwa Hani, msichana mwembamba mwenye kofia ngumu juu ya hijabu yake. Alipima kwa utepe kutoka bomba kubwa mpaka kwenye lango letu: mita thelathini na moja, na barabara iko katikati. Kwa hiyo kuna kibali kingine cha kukata barabara, hicho nimekwisha kukipata. Mita ya maji itakaa ndani ya ua, hatua moja kutoka kwenye lango, katika kisanduku cha chuma, mahali ambapo msomaji ataiona bila kuingia chumbani kwa mtu. Ploti moja mita moja. Kumvutia jirani maji ni marufuku, na kuuza maji ya nyumbani vilevile. Akaniuliza watu wangapi watatumia. Nikasema watano. Akaandika watano.

Faili letu linakaa wazi siku tisini, kisha linafungwa. Kila kitu kimo isipokuwa mstari mmoja wa chini.

Chifu wa Kutulo yupo. Dereva wa basi alimwona akinywa chai Elwak, akampa salamu, na chifu akasema hajalala nje ya kata yake tangu mwaka mpya.

Mara ile pia ulisema chifu hayupo. Hooyo alimwamini mwanawe. Alibeba mtungi wa lita ishirini mpaka mwaka wake wa mwisho, siku ambazo mwenye punda hakupita.

Ushauri ninao. Naomba sahihi.

Istahil


Kutulo,
8 Aprili 2025

Abaayo,

Assalamu alaykum. Iddi imepita salama. Muslimo anakutumia kitambaa, kimo ndani ya bahasha kubwa.

Nimetia sahihi. Chifu ameshuhudia na kupiga muhuri. Palikuwa na mahali pa namba ya simu ya kupokelea bili na fomu ilisema iwe ya mwenye ploti, nikajaza yangu. Kama si sawa, waambie wabadilishe.

Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko sahihi inavyohitaji. Chifu aliniuliza kama naumwa.

Sina zaidi.

Mustafe


Garissa,
27 Mei 2025

Kwa ndugu yangu Mustafe,

Assalamu alaykum. Natumaini mmepata hata manyunyu. Mwambie Muslimo kitambaa kimenipendeza na nimekivaa. Sisi ni wazima.

Maji yamefika.

Kuchimba kulichukua siku tatu. Siku ya tatu Hani alirudi na kijiti chenye alama, akakidumbukiza kwenye mtaro hatua kwa hatua kama mwanamke anayejaribu ugali. Karibu na ukuta wa jirani kijiti kiligota mapema. Vibarua wakalalamika kwamba pale kuna mwamba. Hani akashuka mwenyewe ndani ya mtaro na sururu, na mwamba ukageuka kuwa udongo. Wakachimba upya. Nilimpenda sana siku ile.

Kisha wakafunga mita, wakaipiga lakiri ya waya na kunisainisha kwamba nikiikata nitashtakiwa. Niliposhika bomba lilitetemeka mkononi, likatema hewa na matope mekundu, halafu maji yakawa meupe kama maziwa, halafu yakawa maji. Nilinawa uso. Nikanywa nikiwa nimesimama, ingawa tulifundishwa kukaa. Sikumtaja mtu, lakini unajua niliyemkumbuka.

Watoto wa Filsan wamelowana mpaka nguo za shule. Nyumba haina utulivu tangu siku hiyo.

Nakushukuru kwa sahihi. Ilichelewa, lakini ilikuja.

Dada yako,
Istahil


Elwak,
4 Septemba 2025

Abaayo Istahil,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa Elwak, nimekaa nyuma ya duka la kuchaji simu. Muslimo alijifungua msichana mwezi uliopita na sote ni wazima. Sikuwa nimekuja hapa tangu Mei. Leo nilipowasha simu zikaingia bili tatu za ofisi ya maji kwa pamoja.

Juni, yuniti moja. Julai, yuniti moja. Agosti, sifuri.

Mimi kazi yangu ni maji. Yuniti moja ni mitungi hamsini ya lita ishirini. Watu watano, wawili wao watoto wanaolowana mpaka nguo za shule, hawatumii mitungi hamsini kwa mwezi. Hiyo ni ya mtu mmoja anayejibana. Na sifuri si ya mtu yeyote.

Nilikupigia hapa hapa. Ulishika. Nikasema, "Abaayo, uko na nani? Niambie tu uko na nani!" Ukakata. Safari hii sikuona ni kiburi. Niliogopa.

Nakuomba unijibu, nani yuko katika nyumba ile?

Na kwa kuwa nakuuliza, siwezi kuendelea kuficha ya kwangu.

Mwaka ule hooyo aliponitumia fomu, chifu alikuwepo. Nilikataa kwa sababu ya mumeo. Watu waliniambia kwamba mita ikiingia kwa ombi lako, baada ya muda ploti itahesabiwa ya wakwe zako. Shuaib, Allah amrehemu, hakuwahi kunikosea hata siku moja. Niliamini maneno ya barazani kuliko mama yangu. Nikasema chifu hayupo, na hooyo hakuuliza tena. Mimi ninayewapa maji ngamia wa watu nisiowajua.

Hooyo alipofariki, wewe unajua tu kwamba sikuja. Nilitoka, abaayo. Nilipanda lori la mbuzi siku ileile. Nilijua sitawahi mazishi, lakini ningewahi siku tatu za msiba. Tulifika Modogashe tukashuka kuswali. Palikuwa na wanawake kwenye kioski cha maji, na mmoja mzee alishindwa kuinua mtungi, akaniomba nimsaidie kuuweka mgongoni. Nilimwekea. Alinibariki kwa dua ndefu. Baada ya hapo niliacha lori liende bila mimi. Niliona nitafika nyumbani, watu watanipa pole, na wewe utanitazama. Nikapanda gari la kurudi Wajir.

Hakuna anayejua, hata Muslimo.

Mustafe


Garissa,
19 Septemba 2025

Mustafe,

Assalamu alaykum. Hongera kwa mtoto. Allah amkuze katika dini. Hukuniambia jina lake.

Barua yako nimeisoma mara nne. Siku zile tatu za msiba nilikuwa nikikuwekea sinia lako kando, nalifunika, na usiku nawapa majirani. Hilo ndilo ninaloweza kuandika kwa sasa kuhusu Modogashe. Usinilazimishe zaidi.

Sasa yangu.

Sisikii. Sikio la kushoto lilikufa baada ya homa ile ya mwaka juzi, na la kulia likafuata polepole. Naona simu inawaka na namba isiyo na jina, naishika, naweka sikioni, hakuna kitu, naikata. Sikujua ni wewe. Iddi ile sikujua ni wewe. Sikukwambia kwa sababu ungenihurumia, na nilikuwa sitaki huruma ya mtu niliyemkasirikia.

Filsan hayupo. Mumewe ni mwalimu na alihamishiwa Kotile Novemba mwaka jana, wakaondoka wote. Nilipokuandikia barua ya kwanza walikuwa wameshaenda miezi miwili. Sambusa za Ramadhani zilikuwa tano, nikala mbili. Watoto waliolowana walikuwa wa jirani, na walikuja siku moja tu. Kila mwezi Filsan anatuma ujumbe kwamba niende nikakae nao. Nikienda, nyumba hii itabaki na nani?

Na sifuri. Hili naona aibu kuliko yote.

Kabla ya bomba, kila asubuhi alikuwa anakuja mwenye punda, Yarrow. Unamkumbuka, alikuwa akicheza mpira na wewe. Kwa kuwa sisikii, nilifunga kamba kutoka kwenye lango mpaka kwenye pazia la mlango wangu. Yarrow anavuta, pazia linacheza, natoka. Anaingia na mitungi, anaimwaga ndani ya pipa, ananionyesha kwa vidole habari za mjini: nani kaoa, nani kafa, bei ya ngamia. Robo saa hivi. Bomba lilipokuja nilimshukuru na kumwambia asihangaike tena. Juni ikapita. Julai ikapita. Pazia halikucheza. Kuna wiki mbili sikusema neno isipokuwa katika swala, na nilianza kusahau sauti yangu ilivyokuwa.

Agosti nilifunga ile koki uliyonishauri niweke. Nikaenda sokoni, nikamtafuta Yarrow, nikamdanganya kwamba maji yamekatika.

Wiki iliyopita Hani alikuja na karatasi ya ofisi: mita imekwama, inakaguliwa. Alifungua koki kabla sijamzuia, akafungua bomba, na gurudumu dogo ndani ya kioo likazunguka kama kawaida. Alilitazama, akatazama pipa langu lililojaa, akamtazama punda aliyesimama langoni. Akaandika kwenye ubao wake: "Mita ni nzima. Mama, unaishi na nani?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Aliniachia sharti lao. Mita isiyotumika miezi mitatu mfululizo inang'olewa, na akaunti inafungwa, isipokuwa mwenye ploti aeleze sababu kwa maandishi. Kwa hiyo nakuhitaji tena. Andika unachotaka. Ila usiandike kuhusu Yarrow.

Istahil


Garissa,
2 Novemba 2025

Kwa ndugu yangu Mustafe,

Assalamu alaykum. Natumaini umefika salama na umemkuta mtoto amenenepa.

Leo ni siku ya tano tangu uondoke. Yarrow amenieleza jambo ambalo wewe hukulisema. Kumbe siku uliyokuja ulifika saa nne asubuhi, na yeye, aliyechelewa siku hiyo, alikukuta saa nane umekaa nje juu ya begi lako. Ulikuwa umegonga, ukaita, halafu ukakaa tu. Anasema alikuuliza, "Kwa nini huvuti kamba?" na ukamjibu, "Hiyo kamba si yangu." Ndiyo maana pazia lilipocheza nikatoka na debe tupu mkononi, nikijua ni yeye, nikakukuta wewe. Samahani kwa debe. Liliniponyoka.

Ofisini wanakukumbuka. Dada wa dirishani aliniandikia kwamba hajawahi kumwona mwenye ploti akisafiri siku tatu kuja kueleza yuniti sifuri. Barua uliyowapa wameiweka kwenye faili. Sijui uliandika nini na sikuuliza. Hani amenisainisha kwamba mita inabaki.

Umemwandikia Filsan bila ruhusa yangu. Atakuja na watoto likizo ya Desemba. Nimekasirika kidogo, na nimenunua magodoro mawili.

Yarrow anapita kama zamani. Kuuza maji ya nyumbani ni marufuku, lakini Hani anasema hakuna kifungu kinachokataza punda kunywa. Basi punda anakunywa, na mwenye punda anakaa robo saa.

Lile daftari tulilokuwa tukiandikiana jioni zile nne, mimi na wewe kwenye mkeka mmoja kama wanafunzi waliokatazwa kuzungumza, nimeliweka ndani ya sanduku la hooyo. Bado unaandika "baibu". Safari hii sikulisahihisha.

Kuna jambo moja linanisumbua. Asubuhi ya kuondoka, ulipokuwa unafunga begi, nilikwambia kwa mdomo, si kwa daftari, kwamba nimekusamehe, ya fomu na ya Modogashe. Nilisema haraka kwa sababu niliogopa sauti yangu, halafu nikageuka kushughulika na birika. Nilipogeuka tena ulikuwa umeshasimama mlangoni na viatu mguuni, na gari lilikuwa linasubiri.

Ulinijibu nini? Nilikuwa nimekupa mgongo. Niandikie.

Dada yako,
Istahil


Kutulo,
20 Novemba 2025

Abaayo yangu,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Sote wazima. Mvua imenyesha siku mbili na kisimani hakuna foleni, ngamia wamesambaa, kwa hiyo nina nafasi ya kukaa na karatasi.

Mtoto anaitwa Istahil. Sikukwambia, hata kwenye daftari, kwa sababu tulimpa jina kabla hujanijibu, na sikujua kama utakubali.

Umeuliza nilisema nini. Sikusema kitu. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Hata mwenye masikio mazima asingesikia chochote mle chumbani. Nilisimama nikatazama mgongo wako, nikaona jinsi mabega yamekuwa ya hooyo, kisha nikavaa viatu.

Kama ningepata sauti ningesema hivi: nimekusikia.

Mustafe